Hewa Nyepesi, Adui wa Rubani

Zamani mtu aliyetaka kufika Tabora kutoka pwani alikwenda kwa miguu. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafuata njia ya misafara pamoja na wapagazi wao, wala hawakuingia Kaze, karibu na Tabora ya leo, mpaka mwezi wa Novemba. Walipata taabu nyingi, homa na kiu na wapagazi kutoroka. Lakini taabu moja hawakuipata. Tabora iko karibu futi 3,900 juu ya usawa wa bahari, nao walikipanda kimo hicho kidogo kidogo, siku baada ya siku, hata miili yao haikushtuka. Eropleni hukipanda kwa dakika chache tu, tena haikomi hapo. Kwa hiyo leo nataka kueleza habari za adui mmoja wa rubani, ambaye hana harufu wala sauti, wala hatii uchungu.

Katika kila sehemu 100 za hewa tunayovuta, kama 21 ni oksijeni, nayo ndiyo iupayo mwili uhai. Wengi hudhani kwamba huko juu sehemu hiyo hupungua. Sivyo, ni 21 pwani, na ni 21 katika kilele cha Kilimanjaro. Hewa ya chini imekandamizwa na hewa yote iliyo juu yake, kama gunia la chini ghalani linavyokandamizwa na magunia mengine. Ukipanda, mzigo hupungua na hewa hutawanyika. Pale kileleni, futi 19,341, nguvu ya hewa ni kama nusu ya ile ya pwani. Kifua hujaa vilevile, lakini damu hupata oksijeni haba.

Ubongo huona njaa hiyo mapema sana, na hapo ndipo penye hila ya maradhi haya. Mwenye homa hujua kuwa ni mgonjwa, kwa sababu akili yake ingali yaupima mwili wake. Maradhi ya hewa nyepesi huanza kwa kuiba ile akili ya kupimia. Rubani huona raha, hucheka bila sababu, hujiona hodari kuliko jana, sawasawa na mlevi aapaye kuwa hakulewa. Kucha na midomo hugeuka rangi ya buluu, vidole hufa ganzi, macho hufifia pembeni.

Marubani wengine hufunzwa ndani ya chumba cha chuma, ambacho hewa yake hupunguzwa kwa mashine, huku mwangalizi mwenye barakoa ya oksijeni akiwatazama. Huambiwa waandike majina yao na kutoa hesabu ndogo. Mimi nimesahihisha madaftari mengi, wala sioni ajabu mwandiko ukitambaa nje ya mstari. Linalonishangaza ni kwamba mwandishi, akiulizwa, hujibu kuwa kazi yake ni safi. Tena kila mtu ana dalili zake, mmoja joto la uso, mwingine kizunguzungu; katika chumba kile rubani huzijua zake kabla ya kukutana nazo peke yake angani.

Labda mtu atasema kwamba mambo haya ni ya wapandao juu sana. Na afikiri kwanza. Macho ya usiku huanza kupungua nguvu kwenye futi 5,000 hivi, yaani futi 1,100 tu juu ya kiwanja cha Tabora. Rubani aondokaye hapa akipanda futi 6,000 zaidi, amekaribia 10,000, kimo ambacho marubani wa ndege ndogo hutahadhari nacho. Mvuta sigara ana hasara zaidi, maana moshi umekwisha kushika sehemu ya damu yake. Kwenye futi 25,000 mtu asiye na oksijeni ana dakika 3 mpaka 5 za akili timamu. Kwenye 35,000, nusu dakika mpaka dakika moja.

Ndege kubwa za abiria hushindiliwa hewa ndani, na watu husahau walipo. Tarehe 14 Agosti 2005 ndege ya Helios iliondoka Kupro kwenda Athens. Swichi ya kushindilia hewa ilikuwa imeachwa pale ilipowekwa wakati wa ukaguzi. Honi ya hatari ililia, lakini marubani waliidhani onyo jingine lenye sauti ile ile. Wakazungumza na watu wa chini juu ya mitambo, kisha wakanyamaza. Ndege ikajiendesha kwenye futi 34,000. Ndege za vita za Ugiriki ziliisogelea, na rubani mmoja akaonekana ameinama kitini. Mafuta yalipokwisha ilianguka, wakafa watu wote 121.

Basi rubani hufunzwa asingoje kujisikia mgonjwa. Akisikia honi, au akiona dalili yake moja, huvaa barakoa kwanza, kabla ya kuuliza sababu. Kisha hushuka chini ya futi 10,000, na hapo ndipo hutafuta kilichoharibika. Kati ya Tabora na Dar es Salaam anaweza kushuka hivyo bila hofu ya mlima, maana hata Uluguru haifiki futi 9,000. Akiwa karibu na Meru au Kilimanjaro, barakoa ni ya kwanza vilevile, lakini kabla ya kushuka hugeuza ndege, auache mlima nyuma yake.