Fungua Kasha Kabla ya Kufungua Pochi

Wanangu, kaeni vizuri. Kisa hiki ni cha kompyuta iliyozaliwa kuandika barua, ikaja kuombwa iendeshe magari.

Kompyuta yenyewe ni Dell OptiPlex 9020, toleo la mwaka 2013, lile kasha jeusi la kusimama. Ndani yake mna prosesa ya Intel Core i5-4570 yenye kori nne. Mashine za ukoo huu zilifanya kazi katika ofisi nyingi za ng'ambo. Wenyewe waliponunua mpya, hizi za zamani ziliuzwa kwa jumla, na nyingine zikafika kwetu kama mtumba. Hii moja alipewa kijana wa kidato cha tatu, mkazi wa Temeke, na mjomba wake ili asomee. Naye aliisomea, msimfikirie vibaya. Jumamosi tu ndipo alipoweka gemu la GTA V.

Gemu likafunguka, likatembea kwa shida. Gari likikata kona, picha inakwama. Mvua ikinyesha mjini, mchezo wote unasimama na kuruka, unasimama na kuruka. Rafiki zake wakampa jibu moja: "Nunua kadi ya RTX 3060."

Kabla hatujamfuata dukani, mjue kwanza kwa nini picha ilikuwa inakwama. Monita yake ina nukta 1,600 kwa upana na 900 kwa kimo. Zidisha, unapata nukta 1,440,000. Ili mwendo uonekane laini, picha nzima huchorwa upya mara 60 kila sekunde, yaani nukta 86,400,000 kwa sekunde moja. Sasa, siku moja ina sekunde 86,400. Ungeshika brashi ukapaka nukta moja kila sekunde, bila kula wala kulala, ungetumia siku 1,000 kukamilisha sekunde moja ya gemu. Na kila nukta ina hesabu yake: mwanga unatoka wapi, kivuli kinaangukia wapi, rangi ya bati la gari ni ipi likilowa.

Prosesa ina kori nne zenye akili nyingi, hodari wa kazi ngumu zinazofuatana. Kupaka nukta ni kazi ya namna nyingine: hesabu ndogondogo zinazofanana, mamilioni, zote kwa wakati mmoja. Kwa kazi hiyo ikatengenezwa chipu ambayo siku hizi huwa na mamia ya kori ndogo au zaidi. Jina lake GPU lilienea mwaka 1999, kampuni ya Nvidia ilipotoa GeForce 256. Ile i5 ya kijana wetu ina GPU yake ndogo ndani, Intel HD 4600, lakini haina kumbukumbu yake yenyewe. Inaazima RAM ileile ambayo prosesa inaitumia, na wawili hao wanasubiriana. Kukwama kwa picha kulianzia hapo.

Kwa hiyo alihitaji kadi ya grafiksi, hilo halina ubishi. Swali lilikuwa ni kadi gani, na hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu huanza na kadi. Wanatazama video, wanalinganisha majina na namba, wanachagua kubwa kuliko zote ambazo pesa yao inafikia. Mimi nasema anza na kompyuta uliyo nayo. Yenyewe ina majibu karibu yote, na majibu hayo yameandikwa ndani ya kasha.

Bahati nzuri kijana huyu ana dada anayesoma ufundi umeme VETA Chang'ombe. Alipomsikia mdogo wake akiitaja RTX 3060, aliuliza swali la kifundi.

"Inakula wati ngapi?"

"Sijui, dada. Nasikia ina kumbukumbu gigabaiti 12."

"Sikukuuliza kumbukumbu. Chomoa waya wa umeme, lete bisibisi."

Wakafungua. Dada akamwonyesha pawa saplai, lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani. Ubavuni ilikuwa na karatasi ya vipimo, imeandikwa wati 290. Akaanza kuhesabu kwa sauti. Prosesa imepangiwa wati 84. Diski, feni, mazabodi na RAM zinahitaji zao. Kisha akagusa sloti ndefu ya PCI Express, ile ambayo kadi hukaa, akasema kwamba sloti ile inaruhusiwa kutoa wati 75 na si zaidi. Kadi inayotaka zaidi ya hapo lazima iletewe waya wake kutoka kwenye pawa saplai: wa pini sita kwa wati 75 za nyongeza, au wa pini nane kwa wati 150.

"Haya, nitafutie waya wa pini sita."

Kijana akatafuta, akafuata kila waya kwa kidole. Haukuwepo. RTX 3060 inahitaji wati 170.

"Si tubadilishe pawa saplai?"

Wazo zuri, ila kwenye modeli hii lina mtego. Kompyuta nyingi za mezani hupokea umeme kwenye mazabodi kwa plagi ya pini 24 ambayo viwanda vingi vinaifuata. OptiPlex 9020 ina plagi yake ya pini nane, kwa hiyo pawa saplai ya kawaida haiingii mpaka upate kiunganishi maalumu. Inawezekana, lakini gharama inaongezeka kabla hata hujanunua kadi.

Dukani wapo watakaokuuzia njia ya mkato: kiwaya kinachochukua umeme wa diski, plagi ya SATA, na kuugeuza kuwa pini sita. Hapo dada alikunja uso. Plagi ya SATA imepimiwa wati 54 kwenye volti 12, na kadi yenye pini sita inaweza kuomba 75 kupitia hapohapo. Plastiki inapata moto, inalainika, na plagi za namna hiyo zimewahi kuyeyuka. Nawasihi, wanangu, kiwaya hicho msikichukue hata kikiwa cha bure.

Basi, duara likapungua: kadi isiyozidi wati 75, isiyohitaji waya wa nyongeza. Wakapima na nafasi kwa rula. Kasha lao la kusimama linapokea kadi ya kimo cha kawaida. Kama lako ni lile dogo jembamba, unahitaji kadi fupi yenye bati fupi la nyuma, na uiulizie hivyo dukani mapema.

Wakaenda Kariakoo. Katika duka moja wakakuta kadi ya bei nafuu ajabu, kibandiko kimeandikwa GTX 1050 Ti, gigabaiti 4. Tena nyuma ilikuwa na tundu la bluu la VGA, sawasawa na waya wa monita yao ya zamani. Kijana akafurahi: hakuna haja ya kununua hata kigeuzi!

Tundu hilo la bluu ndilo lililomshtua dada. GTX 1050 Ti ya kweli ilitoka Oktoba 2016, na familia yake nzima ya GTX 10 iliundwa bila ishara ya VGA. Akamwomba muuzaji kwa adabu aichomeke kwenye kompyuta ya duka na kufungua GPU-Z, programu ya bure inayosoma chipu yenyewe na haijali kibandiko. Tangu mwaka 2018 programu hiyo ina uwezo wa kutambua kadi nyingi za Nvidia za kughushi, na huandika neno FAKE mbele ya jina. Likatokea. Ndani mlikuwa na chipu ya GTX 550 Ti ya mwaka 2011, yenye kori 192, wakati 1050 Ti halisi ina 768. Mtu fulani mahali fulani alibadilisha maandishi ya ndani ya kadi ili ijitaje kwa jina la mwingine. Muuzaji mwenyewe alionekana kushangaa, na huenda naye aliuziwa hivyo. Kadi ikarudi kwenye rafu. Ulaghai huu unaniuma sana, kwa sababu wanaoumizwa nao zaidi ni watoto waliokusanya akiba yao shilingi kwa shilingi.

Duka la pili lilikuwa na kadi tatu za kweli zilizoingia ndani ya wati 75.

Ya kwanza, GTX 1050 Ti halisi. Kadi nzuri iliyotumikia wengi. Lakini Nvidia ilitangaza kuwa kizazi chake kingepata draiva ya mwisho yenye maboresho ya magemu mapya Oktoba 2025, na baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu mpaka Oktoba 2028. Kwa GTA V, gemu la kompyuta la mwaka 2015, si tatizo. Kwa gemu litakalotoka mwakani, ni tatizo.

Ya pili, AMD Radeon RX 6400 ya mwaka 2022, inayokula wati 53 tu. Hii ingewadanganya hata watu wazima. Sloti ndefu ina njia 16 za data, nayo kadi hii inatumia nne. Kwenye kompyuta mpya za PCI Express 4.0, njia hizo nne hupitisha karibu gigabaiti 8 kwa sekunde. OptiPlex yetu ni ya PCI Express 3.0, na huko zinapitisha nusu yake. Kumbukumbu ya kadi, gigabaiti 4, ikijaa, inabidi data ifuatwe kwenye RAM kupitia njia hiyo nyembamba, na picha inaanza kukwama upya. Kadi mpya, kompyuta mpya, zinaelewana. Kwenye mashine ya 2013 ningeipita.

Ya tatu ni GTX 1650, iliyotoka Aprili 2019: kori 896, gigabaiti 4, wati 75, njia zote 16, na ni ya kizazi kinachofuata baada ya kile cha 1050 Ti. Ziko 1650 za aina mbili, kwa hiyo wakaikagua ukingoni: baadhi ya viwanda viliiongezea tundu la pini sita. Hii haikuwa nalo. Ilikuwa imetumika, wakaizungusha feni kwa kidole, wakaijaribu kwa gemu zito robo saa nzima huku wakitazama joto, kisha wakalipa. Wakanunua na kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, kile chenye chipu ndani, maana waya mtupu haugeuzi ishara.

Mtaniuliza, vipi kuhusu RTX 3050 ya gigabaiti 6, ya mwaka 2024? Inakula wati 70, haina waya wa nyongeza, ina nguvu zaidi. Ni kweli, na mwenye pesa na monita kubwa aichukue. Lakini kwa nukta 1,440,000 na prosesa ya kori nne, sehemu ya nguvu yake ingekaa bila kazi. Kadi za Intel Arc nazo ziacheni kwa mashine za umri huu, kwani zinategemea uwezo uitwao Resizable BAR ambao kompyuta hizi hazikutoka nao kiwandani.

Jioni ile GTA V ilitembea. Barabara za jangwani zikawa laini kabisa. Katikati ya jiji la Los Santos, penye watu na magari mengi, mwendo ulikuwa ukishuka bado. Kijana akanung'unika kwamba kadi ni dhaifu.

"Subiri tuipime," dada akasema. Akapunguza picha hadi 1,280 kwa 720, nukta 921,600 tu. Jangwani fremu zikapanda sana, maana yake huko kadi ndiyo iliyokuwa inafikia kikomo. Mjini hazikubadilika. Kadi ilipunguziwa kazi na mwendo ukabaki uleule, kwa hiyo aliyelemewa mjini ni prosesa, anayewaendesha wapita njia wote wale. Wakairudisha picha kwenye 1,600 kwa 900, wakashusha wingi wa watu na umbali wa kuonekana vitu, na jiji nalo likalainika.

Pesa iliyobaki haikununua kadi nyingine. RAM yao ilikuwa kijiti kimoja cha DDR3 cha gigabaiti 8, na prosesa ile inaweza kusoma vijiti viwili kwa pamoja. Wiki iliyofuata wakanunua cha pili.