Je, Wajua? Banda la Simbilisi
Je, wajua kwamba simbilisi, ambaye asili yake ni milima ya Andes, huweza kustahimili baridi kavu ya Julai pale Buruburu au Umoja jijini Nairobi, ilhali joto la mabati yasiyo dari, likipita nyuzi 27, laweza kumwangamiza? Basi banda lake na liwe la mbao, limeinuliwa juu ya ardhi, kwenye ukuta wenye kivuli, na sakafu ya ubao iliyotandikwa nyasi kavu, maana waya huchubua nyayo zake zisizo na manyoya hata zikatunga usaha. Mahali pa waya ni mlangoni, tena wenye matundu madogo asiyopenya panya wa mtaroni. Na mboga mbichi, kama pilipili hoho na sukumawiki, ni faradhi, kwani mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C.