Jezi Namba 50

Sokoni Karume, Dar es Salaam, asubuhi, kabla wauzaji hawajamaliza kufungua marobota, jezi za kikapu za Marekani humwagwa chini kwa mafungu. Za Lakers hazihesabiki. Za Chicago Bulls zipo za kila saizi, hadi za mtoto wa chekechea. Mimi huchambua nikitafuta za Memphis Grizzlies, na kwa miaka yote nimepata moja tu: namba 50, jina la Randolph mgongoni, herufi mbili zimebanduka. Muuzaji aliniachia kwa elfu tano. "Chukua tu, kaka," akasema. "Hiyo timu haina watu."

Nilikumbuka maneno yale Julai iliyofuata. Ndio mwezi ambao NBA hufungua usajili wa wachezaji huru, na vijana ninaowafundisha kikapu pale Upanga huja na swali lilelile: kocha, mbona nyota hawaendi Memphis?

Wanauliza kwa sababu wanajua hiyo ni timu yangu. Usiku wa Juni 25, 2009, huku kwetu ikiwa tayari alfajiri ya tarehe 26, Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, aliitwa wa pili katika drafti, ule mgawo wa wachezaji wapya kwa timu, na waliomwita ni Memphis. Stephen Curry aliitwa wa saba. Sikulala. Thabeet alipopelekwa Houston Februari 2011, mimi nilibaki na Memphis, kwa sababu moyo ulikuwa umeshazoea.

Nasema "aliitwa" kwa makusudi. Drafti haimuulizi kijana anataka kuishi wapi. Timu inamtaja jina, na ikiamua inakaa naye miaka minne; baada ya hapo bado inaweza kufikia dau analoletewa na timu nyingine na kumbakiza. Mwaka 1999 timu hiihii, wakati huo ikiwa Vancouver, Kanada, ilimwita Steve Francis naye wa pili. Hakuficha uso wake. Hakutaka kwenda, na akahamishiwa Houston kabla ya kuichezea hata mechi moja. Miaka miwili baadaye timu yenyewe ikafunga virago ikaenda Memphis.

Tukija kwa mchezaji aliyekwishakuwa huru, kwenye soka tumezoea kwamba pesa humaliza maneno. Al Nassr ya Saudi Arabia ilimpata Cristiano Ronaldo mwishoni mwa 2022 kwa mshahara mnono ajabu. Kwenye NBA mlango huo ulifungwa mwaka 1999, baada ya mgogoro wa miezi kadhaa kati ya wamiliki na wachezaji. Tangu hapo mshahara wa mtu mmoja una mwisho: robo ya kikomo cha mishahara ya timu kwa vijana, hadi asilimia 35 kwa aliyecheza miaka 10 na kuendelea. Msimu wa 2024/25 kikomo cha timu kilikuwa dola milioni 140 na ushei, hivyo kwa kawaida mkongwe hakuweza kuanza mkataba mpya kwa zaidi ya dola milioni 49 na ushei, awe Los Angeles, awe Memphis.

Hapo ndipo mji mdogo kama Memphis unaponyang'anywa silaha yake. Tajiri wa Memphis hata akitaka kuongeza dau, kanuni inamkatalia. Na pesa zikishalingana, mchezaji anaanza kutazama yaliyobaki: nitacheza na nani, mke wangu atakaa wapi, watoto watasoma wapi, kampuni za viatu zitaniona, nina rafiki gani kule?

Kuna jambo moja linalonithibitishia kwamba shida si pesa. Jimbo la Tennessee, ilipo Memphis, halitozi kodi ya jimbo kwenye mshahara. California huchukua hadi zaidi ya asilimia 13 kwa wenye vipato vikubwa. Kwa mkataba uleule, mtu anayecheza Memphis anabaki na nyingi zaidi mfukoni. Bado wanakwenda Los Angeles.

Wala si kwamba mji wenyewe haupendezi. Upo kando ya mto Mississippi, na uwanja wa timu uko jirani na Beale Street, mtaa wa muziki wa bluzi. Hoteli ya Lorraine, alikouawa Martin Luther King mwaka 1968, sasa ni makumbusho, na kwa miaka mingi timu imecheza nyumbani Januari, siku ya kumkumbuka. Kinachokosekana ni nyota mwingine wa kumvuta nyota. LeBron James na Chris Bosh walikwenda Miami mwaka 2010 kwa sababu Dwyane Wade alikuwa tayari yuko pale, na mzee Pat Riley, bosi wa klabu hiyo, alikuwa na historia ya makombe. Ndivyo aliyenacho anavyozidi kuongezewa.

Julai 2016 Memphis walipata jina kubwa kutoka nje, Chandler Parsons, kwa dola milioni 94 za miaka minne. Magoti yakamsaliti, katika misimu mitatu alicheza mechi 95. Lakini mwezi uleule, Mike Conley, waliyemwita kwenye drafti ya 2007, alisaini tena kwa dola milioni 153, mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya NBA wakati ule. Ulitiwa saini Memphis! Iliwezekana kwa sababu kanuni inampendelea mwenye mchezaji: yeye anaweza kumpa miaka mitano na nyongeza kubwa, mgeni anaishia minne. Mji mdogo hauna nguvu ya kuita, una nguvu ya kulea.

Wengine waliifikia timu kwa milango ya nyuma. Marc Gasol aliletwa katika mabadilishano ya 2008, kaka yake Pau alipokwenda Lakers, na watu wakasema Memphis wameibiwa. Zach Randolph alitoka Clippers mwaka 2009, hiyo ikiwa timu yake ya nne. Mwaka 2011 Memphis, wakiwa nafasi ya nane, waliwatoa San Antonio waliokuwa wa kwanza kwenye mtoano, na katika mechi ya kumaliza kazi Randolph alifunga pointi 31. Mjini walimpenda pia kwa kuzilipia familia maskini bili za umeme wakati wa Krismasi. Desemba 2021 jezi yake ikawa ya kwanza kustaafishwa na klabu hiyo.

Mimi simlaumu nyota anayekataa. Andre Iguodala alipohamishiwa Memphis mwaka 2019 asicheze hata mechi moja, kwa makubaliano na klabu, niliumia kama shabiki. Lakini mtu huyu alipangiwa mji wa kwanza bila kuulizwa, kisha akauzwa bila kuulizwa. Uhuru wa kuchagua walioupigania wachezaji kina Oscar Robertson mahakamani, hadi mapatano ya 1976, ni haki yao. Ninaowalaumu ni wamiliki wanaojificha nyuma ya udogo wa mji. Oklahoma City nao ni wadogo, na Kevin Durant aliwaacha mwaka 2016. Mwaka 2019 wakampata Shai Gilgeous-Alexander, kijana wa mwaka mmoja tu kwenye ligi, kwa kubadilishana. Mwaka 2025 wakabeba ubingwa.

Jumamosi iliyopita kijana wangu mmoja wa katikati, mrefu lakini mzito wa miguu, aliikuta ile jezi juu ya begi langu.

"Shikamoo kocha. Huyu Randolph alikuwa anaruka sana?"

"Marahaba. Hapana, alikuwa haruki kabisa."

Alinitazama kuona kama namtania. Nikamwonyesha pale chini ya kikapu: magoti yakunjwe, makalio yamsukume mpinzani nyuma, mikono iwe juu kabla mpira haujagonga chuma. Akarudia mara kumi, ishirini. Jua lilipozama alikuwa bado yuko pale, ameivaa.