Mbwa Wako Utamwitaje?

Mtoto wa mbwa akiingizwa lupangoni kwa mara ya kwanza, hapa Lubumbashi, kabla hata ya kutafutiwa pa kulala hutafutiwa jina. Watoto humzunguka. Mmoja anasema Simba, mwingine anasema Rex, wa tatu amelisikia Bobi kwa jirani na analitaka hilo hilo. Mama mwenye nyumba, ambaye ndiye atakayemlisha, anasubiri wachoke. Jua likizama mbwa ameshaitwa majina manne, na hajaitika hata moja.

Haki yake asiitike. Majina hayo yote kwake ni sauti tu, sawa na mlio wa sufuria au honi ya teksi. Sauti hugeuka jina siku ile mbwa atakapojua kwamba ikitoka kinywani mwa mtu, basi jambo linalofuata linamhusu yeye. Namna jambo hilo linavyotokea, na sauti ipi hushika upesi, wataalamu wamelichunguza sana katika miaka 20 iliyopita. Lakini jina la mbwa halisikiwi na mbwa peke yake. Unaliita kwa nguvu, uani, ukuta mmoja na jirani. Mbwa husikia mlio, jirani husikia maana. Kwa maoni yangu, jina zuri ni lile linalowafaa wote wawili, na wengi wetu hukumbuka upande mmoja tu.

Nianze na mbwa. Masikio yake hufika mbali: husikia milio mikali hadi kiasi cha hezi 45,000, wakati sisi huishia 20,000. Kwa hiyo wengi hudhani kwamba anayasikia maneno yetu kwa ufasaha kutushinda. Sivyo. Mwaka 2020 watafiti wa Budapest, nchini Hungaria, waliwabandika mbwa vipokezi kichwani vya kupima mawimbi ya ubongo, kisha wakawasikilizisha maneno waliyoyazoea nyumbani, maneno yasiyo na maana yaliyo tofauti kabisa na hayo, na mengine yaliyobadilishwa sauti moja tu. Yale yaliyo tofauti kabisa, ubongo uliyatenga papo hapo. Yale yaliyobadilishwa sauti moja, uliyachukua kana kwamba ni yale yale ya zamani. Na si kwamba sikio limeshindwa. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walikuwa wameonyesha kwamba mbwa huweza kutofautisha maneno mafupi yanayoachana kwa irabu tu, hata yakitamkwa na watu asiowajua. Sikio linaweza. Ila neno likishafanana vya kutosha na lile alilolizoea, mbwa hajisumbui kulichunguza zaidi.

Yaweke hayo katika Kiswahili chetu. Mtu anampa mbwa jike jina la Lara, jina zuri lenye sauti laini. Kisha anamfundisha kulala chini kwa kumwambia lala. Katika mji huu, ambapo l na r hubadilishana nafasi kila siku vinywani mwetu, mbwa huyo anaamriwa kulala kila anapoitwa. Au anamwita Kaya, na akitaka aje anamwambia kuya. Mbwa anasimama katikati ya uwanja, anamtazama bwana wake, hajui aende au abaki, na bwana anakasirika kwamba imbwa hii haina akili. Mbwa hana kosa. Kabla ya kuchagua jina, yatamke kwanza yale maneno machache utakayomwamrisha nayo, ya Kiswahili na ya Kifaransa, kisha sikiliza kama jina linagongana na mojawapo.

Jambo la pili ni kelele. Nyumba ya komini ya Kenya au ya Katuba, hapa mjini, haina ukimya: redio ya huku, jenereta ya kule, watoto, mwenye kuuza anayepita barabarani. Je, mbwa hulipata jina lake ndani ya vurugu hiyo? Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walijaribu. Walipiga sauti ya mtu asiyejulikana na mbwa, akitaja jina la mbwa huyo na jina jingine lenye mkazo wa namna ile ile, huku nyuma watu wengi wakisikika wakizungumza kwa pamoja. Mbwa walilitambua jina lao hata kelele ilipokuwa na nguvu sawa na jina lenyewe. Mtoto wa binadamu wa mwaka 1 hushindwa hapo. Na waliofanya vizuri zaidi ni mbwa waliofundishwa kazi, kama wale wa kutafuta watu waliopotea au wa kunusa mabomu.

Hapa lugha yetu inatupa msaada ambao hatuufikirii. Jina la Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu huvutika. Simbaaa linavuka ukuta, linavuka mtaro, linamfikia mbwa nyumba ya tatu. Rex linakatika mdomoni. Ndiyo maana watu wetu, bila kufundishwa na mtu, hulifanya Rekisi. Silabi mbili au tatu zinatosha. Jina refu kama Mwamba wa Lupango utalikata mwenyewe kabla ya wiki kwisha, na kila mtu wa nyumbani atalikata kwa namna yake, kisha mbwa atakuwa na majina matano yasiyofanana.

Ila angalia namna unavyoliita. Mtafiti Patricia McConnell wa Marekani aliwarekodi waongozaji wa wanyama wa lugha mbalimbali, kisha mwaka 1990 akachapisha majaribio aliyoyafanya kwa watoto wa mbwa. Milio mifupi inayorudiwa huwaamsha na kuwasogeza. Mlio mmoja mrefu huwapunguza kasi. Kwa hiyo mbwa aliye mbali, mvutie jina limfikie, lakini ukitaka aje mbio, lirudie kwa ufupi: Popi, Popi, Popi!

Na lugha gani? Katika nyumba moja ya Lubumbashi baba anaongea Kiluba na ndugu zake, mama Kibemba na dada yake, watoto Kifaransa cha shule, na wote Kiswahili mezani. Mbwa analisikia hilo. Mtafiti Laura Cuaya alihamia Hungaria kutoka Meksiko pamoja na mbwa wake, akajiuliza kama mbwa ametambua kwamba watu wa huko wanaongea vingine. Yeye na wenzake waliwafundisha mbwa 18 kulala kimya ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawasomea vipande vya kitabu cha Le Petit Prince kwa Kihispania na kwa Kihungari. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha kwamba ubongo wa mbwa huitenga lugha ya nyumbani na ile ngeni, na mbwa mwenye umri mkubwa huitenga vizuri zaidi. Jina liwe la lugha yoyote, basi, lakini lichukue matamshi ya nyumba yako, si yale ya filamu.

Sasa jirani.

Huko kaskazini mwa Benin, Wabaatombu humpa mbwa methali iwe jina lake. Mtaalamu Wendy Schottman aliandika juu yao mwaka 1993: mtu aliyekosewa na hataki ugomvi wa uso kwa uso humwita mbwa wake pale mkosaji anapopita, na ujumbe unafika. Sisi hatuhitaji kufafanuliwa. Mbwa akiitwa Batasema, mtaa mzima unajua ni akina nani wanaoambiwa hivyo. Jina la namna hiyo hukaa miaka 12, umri wa mbwa aliyetunzwa vizuri, hata kama ugomvi wenyewe ulikwisha mwezi wa pili. Hata Simba si jina jepesi hapa kama lilivyo Mombasa. Ni jina la bia ya mji huu, na kwa wazee ni jina la waasi wa mwaka 1964. Sisemi usilitumie. Nasema ujue linaitwa masikioni mwa nani. Jina la mtu ndilo ninalolikataa kabisa. Kumwita mtu imbwa ni tusi, na kwetu jina la babu hurithiwa na mjukuu. Kumpa mbwa jina la mzee wa jirani ni kumkosea mzee na waliorithi jina lake.

Tena sisi Wakongo tuna mfano wetu wenyewe wa jina la mbwa lililokosewa, nao umeenea dunia nzima. Kuna mbwa mdogo wa misituni kwetu, masikio yamesimama, mkia umejikunja mgongoni, paji lenye mikunjo kama mtu anayefikiri. Habweki kama wengine. Koo lake hutoa mlio kama wa kuimba. Wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue alipo. Waingereza waliwaonyesha wawili kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts mwaka 1895, lakini wakafa kwa ugonjwa. Mwaka 1937 mfugaji Olivia Burn aliwaonyesha wengine hapo kwa mafanikio, na mwaka 1943 chama cha mbwa cha Marekani kikaiandikisha aina hiyo rasmi. Kwa jina gani? Basenji.

Msomaji wa Lubumbashi hahitaji kamusi. Basenji ni washenzi. Pwani waliliita hivyo kundi la watu wa bara, wakoloni wakalichukua, na katika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mji ulioanzishwa mwaka 1910, likawa neno la kumtenga mtu wa kijijini na yule aliyehesabiwa amestaarabika, hadi ikatolewa na kadi ya kumtambulisha huyo wa pili, ile carte du mérite civique ya mwaka 1948. Mzungu aliyeuliza mbwa huyu ni wa aina gani aliambiwa ni mbwa wa basenji, na tusi la wenye mbwa likawa jina la mbwa. Leo mtu wa Tokyo au wa Chicago hulitamka kwa upendo, akimpapasa mbwa wake kichwani. Mbwa hana neno. Masikio yetu ndiyo yanayoumia, na nadhani tuna haki ya kulisema hilo wazi, sisi ambao mji wetu wenyewe ulibadilishwa jina mwaka 1966 kwa kujua kwamba jina lina uzito.

Ukishachagua, kazi iliyobaki ni ndogo. Liite mara moja, kwa sauti ya furaha. Akigeuza kichwa, mpe papo hapo tonge dogo la bukari au kapenta moja. Rudia mara chache kwa siku, kila mtu wa nyumbani akilitamka vile vile. Usiliite kamwe unapomgombeza au kumpiga. Mbwa aliyepigwa baada ya kuitwa hujifunza kwamba jina lake ni onyo, na siku gari linapokuja utamwita naye atakimbilia barabarani. Kisha, akifikisha miezi 3, mpeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao karibu kila anayeupata huambukizwa na mbwa, na dalili zikianza hauna tiba. Daktari atafungua karatasi ya chanjo, na mbele ya wote wanaosubiri na mbwa wao atakuuliza: anaitwa nani? Chagua jina ambalo utalijibu kwa sauti.