Zaidi ya miaka 20 baadaye, mbona wachezaji bado wanabishania gemu hii ya wanyonya damu?

Jaribu kitu hiki. Tafuta wachezaji watatu waliozeekea kwenye kibodi, kisha uwatupie swali moja: kati ya Bloodlines ya zamani na hii mpya, ipi kali? Halafu tafuta kiti ukae, kwa sababu hutaondoka hapo upesi.

Wa kwanza atakuambia ya zamani ni moto wa kuotea mbali. Wa pili atamkumbusha kwamba hiyo hiyo ya zamani ilitoka ikiwa na hitilafu chungu nzima. Wa tatu atataka kujua ulicheza ukiwa ukoo gani, na hapo ubishi utaanza upya.

Jina lake kamili ni Vampire: The Masquerade – Bloodlines. Iliundwa na studio ya Troika Games ya California, Marekani, ikachapishwa na kampuni ya Activision na kuingia sokoni Novemba 16, 2004. Huenda hukuwa umezaliwa, au ulikuwa bado unanyonya. Maziwa, si damu.

Hadithi za wanyonya damu si ngeni kwetu. Muulize nyanya yako kuhusu mumiani, au wale wazimamoto wa enzi za mkoloni waliosemekana kuwakamata watu usiku jijini Nairobi ili wawafyonze damu. Tofauti ni kwamba katika hadithi zetu wewe ndiwe unayekimbia. Katika Bloodlines, wewe ndiwe unayekimbiwa.

Mambo yanavyoanza

Wewe ni mtu wa kawaida mjini Los Angeles. Usiku mmoja unageuzwa mnyonya damu bila idhini ya wakubwa. Aliyekugeuza anauawa mbele ya macho yako. Wewe unaponea chupuchupu, kisha unatumwa Santa Monica kumfanyia kazi mkubwa wa wanyonya damu wa jiji hilo, LaCroix. Hujui unatumiwa na nani wala kwa sababu gani. Kama umewahi kuajiriwa kwa mara ya kwanza, hali hiyo unaifahamu.

Sheria kuu inaitwa Masquerade, yaani kinyago. Binadamu hawafai kujua kwamba nyinyi mpo. Ukimnyonya mtu damu hadharani, au ukitumia nguvu zako mbele ya umati, unapoteza alama. Ukizimaliza zote tano, gemu imeisha.

Kando na hizo, kuna alama za utu. Ukiwaua wasio na hatia, utu unashuka. Kadiri unavyoshuka, ndivyo inavyokuwa rahisi kwa yule mnyama aliye ndani yako kukupanda kichwani na kukufanya ushambulie ovyo. Unaweza kunywa damu ya panya kwenye vichochoro, au kununua damu kwa njia za panya katika kliniki, ila njaa haiishi.

Jambo la nne la kujua, na hili wachezaji wengi hulisifu: alama za kukuza uwezo hupati kwa kuua. Unazipata kwa kumaliza kazi ulizopewa. Ukitumia ulimi, ukipita kimyakimya, au ukidukua kompyuta ya mtu badala ya kumvunja shingo, malipo yapo. Gemu nyingi hukufundisha kwamba kila tatizo ni adui wa kupigwa. Hii, angalau katika nusu yake ya kwanza, inakuuliza kwanza kama una akili.

Ukoo ni kila kitu

Koo ni saba: Brujah, Gangrel, Malkavian, Nosferatu, Toreador, Tremere na Ventrue. Hapa ndipo mapenzi ya wachezaji yalipojikita, kwa sababu kuchagua ukoo si kuchagua rangi ya shati.

Ukiwa Nosferatu, sura yako inatisha kiasi kwamba binadamu akikuona tu, umevunja sheria ya kinyago. Basi jiji zima unalipita kupitia mitaro ya majitaka, huku wenzako wa koo nyingine wakitembea barabarani kama mabosi. Gemu ni ile ile, lakini maisha ni mengine kabisa.

Ukiwa Malkavian, akili yako imepasuka na unaona yasiyoonekana. Karibu kila sentensi unayosema imeandikwa upya kwa ajili yako tu. Mtangazaji wa runinga anazungumza na wewe moja kwa moja. Kuna wakati unabishana na alama ya barabarani ya kusimamisha magari. Utamu ni kwamba katika huo upuuzi kumefichwa siri za mambo yatakayotokea baadaye. Ndiyo maana wakongwe hukushauri usianze na Malkavian wala Nosferatu. Maliza kwanza ukiwa ukoo wa kawaida, kisha urudi. Wengine hukataa katakata ushauri huo: kwao, kuchanganyikiwa ndiyo raha yenyewe.

Kuna pia hoteli iitwayo Ocean House. Unatumwa huko mapema, usiku, peke yako. Ndani hakuna adui hata mmoja wa kupigana naye. Kuna taa zinazozimika, vyombo vinavyorushwa na mkono usiouona, na kisa cha familia unachokiunganisha kipande kwa kipande. Wewe ni mnyonya damu mwenye meno na makucha, na bado unatembea huku moyo ukidunda. Taja hoteli hiyo mbele ya mtu aliyecheza gemu hii na utaona uso wake ukibadilika.

Kisa cha Heather

Kama hutaki kuharibiwa utamu wa hadithi, ruka sehemu hii. Lakini huwezi kuelewa ubishi wa wachezaji bila kumjua Heather.

Unampata katika kliniki ya Santa Monica akiwa mahututi, na hakuna anayemshughulikia. Unaweza kumpa damu yako. Ukimpa, anapona papo hapo. Unajihisi shujaa, utu wako unapanda, na unaenda zako.

Baadaye anakutafuta. Damu yako imemfunga kwako. Anataka kukaa nawe, kukutumikia, kukupa pesa zake. Masomo anayaacha. Anakuletea zawadi, na wakati mmoja anakuletea mtu mzima mzima ili umnyonye, akiwa na furaha ya mtoto aliyekuletea ua. Kila anachokupa kina faida kwako katika gemu. Ukiendelea kukaa naye, maadui zako wanamfikia na anauawa. Njia ya kumwokoa ni kumfukuza mapema, kwa maneno makali, wakati ambapo bado ana vitu vya kukupa.

Hapa wachezaji hugawanyika. Wapo wanaosema ulimwokoa, mengine ni bahati mbaya. Wapo wanaosema ulimfanya mtumwa tangu dakika ya kwanza, na kwamba kilichomfunga ni damu, si mapenzi. Wengine hukiri kwamba walimweka kwa sababu ya zawadi, na hawakujiuliza swali lolote hadi alipokufa.

Fikiria kidogo. Ni mara ngapi umemwona mtu akimsaidia mwingine, kisha msaada huo ukageuka kamba shingoni? Gemu haikuhubirii. Inakuachia zawadi mkononi na kukutazama utafanya nini.

Tusiifanye malaika

Sasa upande wa pili wa shilingi. Theluthi ya mwisho ya gemu inalalamikiwa na karibu kila mtu, wakiwemo mashabiki sugu. Mazungumzo yanapungua, mapigano yanaongezeka, na kama ulijijenga kuwa mtu wa maneno, utapata taabu. Safari moja ndefu ya mitaroni eneo la Hollywood imewafanya wengi kuacha kabisa.

Pia kuna suala la jinsi watu walivyochorwa. Wanawake wengi wamevalishwa na kuandikwa kwa macho ya mwanamume wa mwaka 2004, na sehemu ya Chinatown imejaa lafudhi na dhana potovu kuhusu Waasia. Baadhi ya mashabiki husema ni zao la wakati wake. Wengine husema wakati hauondoi aibu. Ni sawa kuipenda gemu na bado ukasema hapa ilikosea.

Halafu hitilafu. Gemu ilitoka ikiganda, ikijifunga yenyewe, na kuna mahali karibu na mwisho ambapo wachezaji walikwama kabisa. Sababu yake inafaa ujue, hasa wewe unayeota kuunda gemu siku moja. Troika walijenga juu ya injini ya Source ya kampuni ya Valve wakati injini yenyewe haijakamilika. Kisha, kwa makubaliano, hawakuruhusiwa kuuza gemu yao kabla Valve hawajatoa Half-Life 2. Matokeo yake, gemu hizo mbili zilitoka siku moja. Ni kama kufungua kibanda cha chipsi siku ambayo jirani anagawa pilau. Mauzo yalikuwa duni, na mnamo Februari 2005 Troika wakafunga duka.

Wafu waliokataa kuzikwa

Studio ikishakufa, hakuna wa kurekebisha makosa. Hapo ndipo wachezaji wenyewe walipochukua nyundo. Shabiki mmoja wa Ujerumani, mwanakemia kwa taaluma, alichukua kazi ya kutengeneza kiraka kisicho rasmi na ameiendeleza kwa miaka na mikaka pamoja na wenzake. Kiraka hicho kinarekebisha hitilafu, na toleo lake la ziada linarudisha vitu ambavyo Troika walikuwa wameviacha ndani ya faili bila kuvimaliza. Leo hii, duka la mtandaoni la GOG linauza gemu hii kiraka kikiwa ndani.

Hata hapo ubishi haukosekani. Wapo wanaosema toleo la ziada limeongeza mambo ambayo Troika wenyewe huenda wangeyatupa, kwa hivyo wanataka toleo la msingi tu. Wapo wasioona haja ya kuchagua. Lakini wote wanakubaliana kwamba bila kazi hii, tungekuwa tunazungumzia marehemu.

Na je, hii mpya?

Mwaka 2019 kampuni ya Paradox Interactive ya Uswidi ilitangaza Bloodlines 2, mara hii hadithi ikiwa Seattle. Mashabiki walipiga vigelegele mapema mno. Mwaka 2021 studio ya Hardsuit Labs iliondolewa kazini. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba The Chinese Room ya Uingereza ndiyo inayoijenga. Hatimaye ikatoka Oktoba 21, 2025.

Hata kabla ya kutoka, moto uliwaka. Koo mbili, Lasombra na Toreador, zilikuwa zimewekwa kando ili zilipiwe zaidi. Wachezaji wakapaza sauti, na Paradox wakarudi nyuma: koo zote sita zikaingia katika gemu ya kawaida. Kumbuka hilo mtu akikuambia kwamba kulalamika hakusaidii.

Ndani yake, hauanzi kama kinda asiyejua lolote. Wewe ni Phyre, mzee wa karne kadhaa aliyeamka baada ya usingizi wa miaka mia, na kichwani mwako mna sauti ya mpelelezi wa ukoo wa Malkavian aitwaye Fabien. Wanaoipenda husifu waigizaji, jinsi unavyoruka juu ya mapaa yenye theluji, na mapigano yaliyo bora mara mia kuliko ya 2004. Wasioipenda husema jiji ni zuri lakini tupu, kazi za pembeni zinajirudia, na ukoo unabadilisha namna ya kupigana kuliko namna ya kuishi.

Malalamiko hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Ya zamani ilikuwa mbovu kiufundi, lakini ilikukumbuka. Ilijua wewe ni nani, na kila mlango ulikujibu kulingana na hilo. Mpya inafunguka bila kuganda sana, ila wachezaji wengi wanahisi mlango haujali nani kabisha. Kama ingeitwa jina lingine lolote, pengine ingepokelewa vizuri zaidi.

Basi ufanye nini? Kwanza, ukiwa hujafika miaka 17, hii si yako bado. Marekani ya zamani iliwekewa kiwango hicho, na kuna sababu. Pili, kama kompyuta yako ni kuukuu, anza na ya 2004. Haihitaji mashine ya bei ghali, na hushushwa bei mara kwa mara. Weka kiraka kabla hujaanza, la sivyo utanilaumu bure. Tatu, mpya isubiri hadi bei ishuke, na uinunue kama unatafuta hadithi ya upelelezi yenye ngumi, si kama unatafuta Santa Monica ya zamani.

Ukifika kwenye ile kliniki, usisome mahali popote ufanye nini. Amua mwenyewe, kisha utueleze ulimpa Heather damu au ulipita tu.