Jumla Inayofufua Diski

Msomaji mmoja, Mtanzania anayeishi mtaa wa Najma mjini Doha, ameniletea swali nililolipenda papo hapo. Nyumbani kwake kuna kisanduku cha kuhifadhia data kwenye mtandao wa nyumbani (NAS) chenye diski nne, kila moja terabaiti 4. Alipokinunua aligawa volyumu nne zinazojitegemea: picha za watoto, video za harusi, kaswida alizorekodi kwao Tanga, na mafaili ya kazi. Sasa diski ya video imeanza kukwaruza. Anataka kuzipanga upya zote nne ili zilindane, ila jambo moja linamtatiza: diski tatu zitajuaje kilichokuwamo katika ya nne, ilhali hazikuwahi kukinakili?

Sitaeleza namna ya kuunganisha kisanduku na ruta, aliyekinunua anajua. Nataka tukae kwenye swali lake.

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala iliyoupa mpangilio huu jina la RAID. Hoja yao ilikuwa kwamba diski nyingi za bei nafuu, zikipangwa kwa akili, zinaweza kuishinda diski moja kubwa ya bei ghali. Tatizo ni kwamba diski zikiwa nyingi, siku ya moja kufa haiko mbali. Dawa yake ni hesabu ya darasa la pili.

Chukua ndugu watatu walioko Doha, Ali, Bakari na Chausiku, wanaomtumia mama yao fedha. Mwezi huu Ali ametuma riyali 500, Bakari 700, Chausiku 400. Kila mmoja ana risiti yake. Mama haandiki nani katuma nini. Daftarini mwake anaweka jumla tu, 1,600. Risiti ya Bakari ikipotea, mama anatoa 500 za Ali na 400 za Chausiku, zinabaki 700. Risiti imerudi! Wala ile jumla haikuwa nakala ya risiti ya Bakari. Haikuwa nakala ya risiti ya mtu yeyote. Angepoteza Chausiku, jumla ileile ingemrudishia yake. Namba moja inawalinda watatu, bila kuhitaji kujua mapema msiba utamwangukia nani.

Twende mbele kidogo. Ali akifikisha 600, mama hana haja ya kuwapigia simu wengine: anaongeza 100 kwenye jumla, basi. Kisanduku nacho hufanya hivyo. Faili likibadilika, kinasoma data ya zamani na jumla ya zamani, kisha kinaandika mpya zote mbili; diski nyingine hazisumbuliwi.

Ndani ya diski hakuna riyali, kuna 1 na 0. Kwa hiyo jumla inafupishwa mno: kisanduku kinatazama kama idadi ya moja ni shufwa au witiri. Diski tatu zikibeba 1, 0 na 1, zenye 1 ni mbili, idadi ni shufwa, basi ya nne inaandikiwa 0. Zikibeba 1, 1 na 1, idadi ni witiri, ya nne inaandikiwa 1 ili kuisawazisha. Diski yoyote ikifa, kisanduku kinauliza: hapa palikuwa na nini hata idadi ikawa shufwa? Jibu ni moja tu. Kinarudia swali hilo matrilioni ya mara hadi diski mpya ijae.

Wengi huiita alama hii ya ziada "pariti". Mimi nasema ushufwa. Nilifikiria "ulinganifu", lakini hilo tayari lina kazi nyingine katika jometri, na shufwa na witiri tunazo katika hesabu zetu tangu zamani.

Ushufwa haukai kwenye diski moja, maana kila badiliko lingelazimika kupitia hapo na diski hiyo ingeelemewa. Katika aina iitwayo RAID 5 unazungushwa: safu hii uko diski ya kwanza, safu inayofuata ya pili.

Je, risiti mbili zikipotea? Jumla moja haitoshi. Mama anaweka jumla ya pili, ambamo fedha za Ali anazihesabu mara 1, za Bakari mara 2, za Chausiku mara 3: inakuwa 3,100. Ali na Bakari wakipoteza risiti, tunaondoa mchango wa Chausiku pande zote mbili. Jumla ya kwanza inabaki 1,200, ya pili 1,900. Tofauti yake, 700, ni ya Bakari. Zilizobaki 500 ni za Ali. Hii ndiyo roho ya aina nyingine, RAID 6, ila kisanduku hutumia hesabu ambayo namba zake hazivimbi, iliyoasisiwa na Mfaransa Évariste Galois, aliyeuawa katika pambano la bastola mwaka 1832 akiwa na miaka 20 tu.

Sasa kazi yenyewe. Kuunganisha volyumu zilizojitenga kwa kawaida kunafuta kila kilichomo, kwa hiyo data zote zitoke kwanza zikae kwenye diski ya nje, ukianza na zile za diski inayokwaruza. Diski hiyo ibadilishwe, volyumu za zamani zifutwe, kundi jipya liundwe, data zirudi. RAID 5 itakupa terabaiti 12, RAID 6 itakupa 8. Kufufua diski huchukua saa nyingi, na muda wote huo tatu zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho. Iliyochoka inaweza kuanguka hapo hapo. Na Doha, ambako joto lilifika nyuzi 50.4 Julai 2010, usikiache kisanduku kikiwaka huku umezima kiyoyozi na kwenda likizo.

Kama data zako zinaenea terabaiti 8, ndugu yangu, chagua RAID 6. Ile diski ya nje usiifute baada ya kumaliza, kwa sababu ushufwa haumzuii mwizi, wala haurudishi faili ulilolifuta mwenyewe.