Msimbo uliozalishwa na mashine ukigoma, chunguza mkataba kwanza

NA MWANDISHI WETU

KAMPUNI inayotaka programu yake izungumze na tarakilishi za benki, bima au idara ya serikali aghalabu hukabidhiwa waraka mrefu uitwao WSDL. Waraka huo, ulioandikwa kwa XML, ndio mkataba. Unaeleza ni maswali gani yanayoweza kuulizwa, yaulizwe kwa umbo gani na majibu yatarudi vipi.

Ni nadra kwa mtaalamu wa Java kuandika kwa mkono msimbo wa kuutekeleza mkataba huo. Vipo vyombo vya kazi hiyo, vinavyojulikana zaidi vikiwa wsimport, Apache CXF na Apache Axis2. Chombo husoma waraka na kutema makumi, pengine mamia, ya klasi kabla hujamaliza kikombe cha chai.

Taabu huanza pale klasi hizo zinapokataliwa na kompaila, au zinapokubaliwa kisha zikafa mara tu programu inapowashwa. Msanidi hujikuta mbele ya msimbo asiouandika, asiouelewa, na ambao mkuu wake anautaka ufanye kazi kabla ya Ijumaa.

Ni kweli kwamba tangu Safaricom ilipozindua Daraja mwaka wa 2017, vijana wengi wanaounganisha programu zao na M-Pesa wameizoea njia nyepesi ya REST na JSON isiyohitaji WSDL. Hata hivyo, mifumo mingi mikongwe kote ulimwenguni ingali inazungumza SOAP, na anayetaka huduma yake hana budi kuzungumza lugha hiyo.

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba msimbo uliozalishwa haurekebishwi kwa mkono. Kishawishi ni kikubwa, kwani mstari wenye kosa uko mbele ya macho na kompaila imeutaja kwa nambari. Lakini siku benki itakapobadilisha mkataba, chombo kitazalisha klasi upya na marekebisho yote yatafutika pasipo onyo. Atakayeumia huenda akawa mtu mwingine kabisa, aliyeajiriwa baada yako na asiyejua kwamba mstari huo uliwahi kuguswa.

Badala yake, ulizia ni nani asiyeelewana na mwenzake. Wanaohusika ni watatu: mkataba, chombo kilichousoma, na toleo la Java linalotumika.

Kwa miaka ya karibuni, mshukiwa wa mara kwa mara amekuwa huyo wa tatu. Java 6, iliyotoka Desemba 2006, ilikuja na wsimport pamoja na maktaba zake zote, na msanidi hakuhitaji kuongeza chochote. Mnamo Septemba 2017, Java 9 ilitangaza kwamba maktaba hizo zitaondolewa. Ziliondolewa kweli katika Java 11, Septemba 2018.

Ndiyo maana mradi uliokuwa ukifanya kazi salama salimini kwenye Java 8 huanguka unapohamishiwa Java 11, kompaila ikilalamika kwamba kifurushi javax.jws au javax.xml.ws hakipo. Msimbo hauna hatia yoyote. Kinachotakiwa ni kuziongeza maktaba za JAX-WS na JAXB katika mradi, kupitia Maven au Gradle.

Hapo pia pana mtego. Jakarta EE 9, iliyotolewa mwaka wa 2020, ilibadilisha majina ya vifurushi kutoka javax hadi jakarta. JAX-WS 2.3 huzalisha msimbo wenye jina la zamani, ilhali toleo la 3.0 na yanayofuata huzalisha wenye jina jipya. Ukizalisha kwa hili na kuweka maktaba za lile, kompaila itakurushia mamia ya makosa ambayo kiini chake ni kimoja tu. Basi soma kosa la kwanza, uyaache mengine. Mengi ni mwangwi wake.

Java 8 nayo ilileta kisirani chake. Waraka wa WSDL mara nyingi huagiza nyaraka nyingine za XSD, na kwa sababu za usalama toleo hilo liliizuia wsimport kuzisoma. Ukiona ujumbe unaotaja accessExternalSchema, uruhusu usomaji huo kwa kuweka javax.xml.accessExternalSchema=all unapoendesha chombo, mradi unaamini waraka ulikotoka.

Wakati mwingine lawama ni za mkataba wenyewe. XML huyahesabu account_no na AccountNo kuwa majina mawili, lakini chombo kinapoyageuza yafuate desturi za Java, yote huwa AccountNo. Hapo utaambiwa kuna mgongano ndani ya klasi iitwayo ObjectFactory. Chaguo la -B-XautoNameResolution huumaliza mgongano huo mara nyingi. Lisipofaulu, andika faili ndogo ya maelekezo inayokipa chombo jina mbadala. Faili hiyo huhifadhiwa pamoja na mradi, hivyo hudumu hata klasi zikizalishwa upya.

Kuna pia wanaoshangaa kwa nini sehemu waliyotarajia iwe String imekuwa JAXBElement. Mkataba umesema sehemu hiyo yaweza kukosekana kabisa, na pia yaweza kuwepo ikiwa tupu kwa makusudi. String peke yake haiwezi kutofautisha hali hizo mbili, kwa hivyo chombo kinaivisha gamba. Mkaidi ataliondoa gamba hilo kwa mkono. Mwenye subira atalizima katika ile faili ya maelekezo, baada ya kuhakikisha tofauti hiyo haina maana katika biashara yake.

Makosa hayo yote yana heri moja: yanapiga kelele. Yanayopaswa kumnyima msanidi usingizi ni yale yaliyo kimya.

Chukua mfano wa kampuni ya maji inayouliza benki mteja amelipa shilingi ngapi. Mkataba unasema jibu litakuwa na sehemu ya lazima ya aina ya xs:long, na chombo kinazalisha long ya kawaida ya Java. Kisha benki inabadilisha nafasi-jina ya sehemu hiyo katika majibu yake bila kumwarifu mtu.

JAXB, kwa desturi yake, haikagui jibu dhidi ya mkataba. Inapokutana na sehemu isiyoitambua, huipita tu. Nayo long isiyojazwa katika Java huwa sifuri. Mteja aliyelipa anaandikwa kwamba hakulipa, na pengine maji yake yanakatwa, hali hakuna hata mstari mmoja wa hitilafu katika kumbukumbu za seva. Afadhali sehemu hiyo ingekuwa ya xs:decimal, kwani ingebaki null na programu ingeanguka mapema watu wakashtuka.

Kinga ipo, na inasikitisha kuwa wengi hawaitumii. Utekelezaji rasmi wa JAX-WS una SchemaValidationFeature, nayo CXF ina mpangilio wa schema-validation-enabled. Ukiviwasha, jibu lisilolingana na mkataba hukataliwa papo hapo. Ukaguzi huo hupunguza kasi kidogo, lakini panapohusika fedha za watu gharama hiyo ni ndogo.

Aidha, tazama ujumbe wenyewe unaopita kwenye waya. Katika maktaba za Metro, kuweka com.sun.xml.ws.transport.http.client.HttpTransportPipe.dump kuwa true huchapisha kila swali na kila jibu. Zima mpangilio huo kabla ya kuanza kazi halisi, maana huchapisha pia nywila na nambari za akaunti.

Mwisho, chunguza anwani. Klasi iliyozalishwa huhifadhi mahali waraka ulikosomewa, na kama ulisomewa kwenye diski ya msanidi, seva itautafuta katika folda isiyokuwepo. Chaguo la -wsdllocation hutatua hilo. Anwani ya huduma yenyewe ni suala jingine: waraka uliotoka kwenye mazingira ya majaribio huelekeza huko huko kwenye majaribio, na programu itajibiwa vizuri sana, kwa takwimu za wateja wasiokuwepo.